Alama ya Bega la Kushoto

Sikwenda Nyeri kutembea. Wanaokwenda kule kutazama mlima waende salama, mimi nilikwenda kwa sababu simu ililia nikiwa nimeinamia sufuria ya pilau ya harusi ya watu, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaniambia ndugu yangu Athumani amelazwa hospitali, mguu wake umekatwa, na kando ya kitanda chake ameketishwa askari. "Wanasema alikuwa amelewa," sauti ile ikaongeza. "Wanasema amemuua mtu wa mkokoteni kule Karatina. Akipata nafuu tu anapelekwa kortini." Aliyepiga ni Bi. Habiba, muuza nguo wa Majengo, Nyeri mjini, ambaye Athumani alipanga chumba kwake.

Nikakaa chini pale pale jikoni. Athumani, amelewa? Athumani huyu wangu, ambaye hata dawa ya kikohozi huuliza kwanza imetiwa nini? Kitinda mimba wetu, miaka ishirini na mitatu, aliyeondoka Voi kwenda kuendesha gari la watu ili asinitegemee mimi na masufuria yangu? Niliwaambia wenye harusi watafute mtu wa kumalizia pilau, nikaenda kufunga mkoba.

Asubuhi, stesheni ya Voi. Baba ndiye aliyenipeleka kwa pikapu yake kuukuu. Anakaribia themanini, jicho moja lina mtoto wa jicho na la pili linafuata, lakini ukimwambia akae pembeni anakutazama mpaka unasahau ulichotaka kusema. Pale langoni alipanda ukingo, akaangusha chungu cha maua cha watu. Wapagazi wakacheka, "Mzee Mbaraka bado kijana!" Nami nikacheka, pamoja na huzuni yangu. "Barabara hii naijua," Baba akasema, akarudi nyuma bila kutazama. Hakuna aliyemwambia neno. Nani atamwambia?

Nairobi nililala tu. Kesho yake mapema nikapanda gari la Nyeri, nikakaa nyuma ya dereva kwa makusudi, nimwone anavyoendesha. Alikuwa kijana wa rika la Athumani, mtaratibu, mikono yote miwili kwenye usukani. Tulipoiacha Thika abiria wakaanza kumchokoza. "Wewe, umebeba mayai?" "Kanyaga mafuta, tuko na kazi!" Nikageuka. "Mwacheni kijana aendeshe! Mwenye haraka ashuke akimbie." Wakanung'unika kwa Kigikuyu mpaka ndani ya Murang'a, kwenye ule udongo mwekundu na migomba. Hakuna aliyeshuka akakimbia.

Makutano, barabara inapogawanyika, niliona wauza mchele wamepanga magunia kando ya lami. Ukishika mkono wa kulia unakwenda Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga. Huko ndiko Athumani alikokuwa ametoka siku ile. Haya machache Bi. Habiba alikuwa amekwisha kunieleza. Athumani aliendesha gari la abiria la mtu mmoja wa Kiganjo aitwaye Gathogo. Mdogo wake Gathogo alikuwa anaoa Wang'uru, na familia nzima ilikwenda huko kwenye ruracio, yaani kupeleka mahari. Walikwenda salama. Wakati wa kurudi, jua lingali linawaka, gari la mbele lililobeba wazee, lile la Athumani, likauacha upande wake na kumvaa mtu wa mkokoteni.

Karatina nilishuka. Bi. Habiba alikuwa amenikanya. "Mjane anauza karoti pale pale sokoni. Wakijua wewe ni nani, watakurarua." Nikashuka hivyo hivyo. Mtu amekufa na jina la ndugu yangu limetajwa. Siwezi kupita penye wafiwa nikaenda zangu kama sikuona.

Soko lile usiombe kulipita na mkoba. Kabichi zimerundikwa kupita kimo cha mtu, malori yanarudi kinyumenyume, mikokoteni inapigiwa mluzi, na kila mtu anakuuzia kitu usichokitaka. Niliulizia mpaka nikaonyeshwa mwanamke aliyevaa buti za mpira, amechutama mbele ya karai, anaosha karoti. Jina lake Nyawira. Nikasimama mbele yake.

"Mama, mimi ni dada yake yule dereva. Nimetoka Voi. Nimekuja kukupa pole."

Wanawake wa vibanda vya jirani wakageuka. Nyawira akaendelea kuosha karoti.

"Dereva gani?"

"Yule kijana. Athumani."

Akainua uso. "Kijana? Ile gari iliendeshwa na mzee."

"Mzee gani, mama?"

"Mzee. Ako na koti kubwa na kofia." Akajifuta mikono. "Mimi nilikuwa nasukuma nyuma, bwana yangu anavuta mbele. Gari ikatoka kwa upande yake ikakuja kwetu, polepole tu, ni kama mwenyewe amelala. Ikasukuma bwana yangu mpaka kwa mti. Halafu huyo mzee akashuka na mlango ya dereva, akaanza kutafuta kofia. Ati kofia! Bwana yangu amelala hapo, na yeye anainama karibu na kichwa yake anatafuta kofia."

Mkoba ukaniponyoka. "Na polisi uliwaambia hayo?"

"Nani aliniuliza? Mimi nilikuwa nimeshika bwana yangu. Gari ingine ya hao watu ilikuja nyuma, wakabeba mzee wao na wale wengine wakaenda. Polisi kufika, wamepata kijana peke yake, watu wameshamtoa penye alibanwa, amelala kwa majani. Baadaye wazee wakakuja kwangu na unga na sukari, wakasema ni kijana mlevi, sheria itamshika. Nikajiambia labda ni mimi nilichanganyikiwa."

"Utakubali kuyasema mbele ya polisi?"

"Nikisema, atarudi?"

Nilipogeuka kuondoka aliniita, akanipa fungu la karoti alizokwisha kuziosha. "Pelekea mgonjwa," akasema, akarudi kuchutama.

Nyeri mjini nilifika mvua nyembamba inanyesha, ile isiyokulowesha lakini inakuingia mifupani. Bi. Habiba, mwanamke mnene mwenye maneno machache, alinivalisha sweta lake, akanipeleka moja kwa moja hospitali. Askari alikuwapo kweli, ameketi kwenye kiti cha plastiki, anasoma simu yake. Na kitandani alikuwapo Athumani.

Nisiwachoshe na kilio changu. Shuka lilikuwa limeinuka penye mguu mmoja, penye mguu wa pili limelala bapa.

"Dada," alisema, na hakunisalimia kwanza, "wameukata wa kushoto. Wa kushoto ndio wa klachi."

Chini ya kitanda kulikuwa na mfuko wa nguo alizoletwa nazo. Nilipoufungua harufu ikanipiga usoni, chachu na asali, harufu ya pombe waziwazi. Nikamtazama.

"Ni muratina," akasema. "Kibuyu chao kilikuwa miguuni pangu. Kikapasuka, ikanimwagikia yote. Mimi sikuonja, Dada. Hata ningetaka nisingepewa. Kwao ile pembe ya kunywea ni ya wazee. Kijana hata kuigusa haruhusiwi."

"Sasa nieleze. Nani alishika usukani?"

Akaeleza, anapumzika kila baada ya maneno machache. Mambo ya mahari yalikuwa yameisha vizuri, wazee wamekaa wakipokezana pembe tangu asubuhi, na watu sasa wanaingia magarini. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba yeye hapandi gari la mtoto. Vijana ndio wanaomaliza watu barabarani, kila siku ni habari zao. Wengine wakaitikia. Hapo Mzee Wambugu, babake Gathogo, akasema yeye alikuwa dereva wa lori tangu baba zao hawajaoa na hajagonga hata kuku. Basi Gathogo akautwaa ufunguo kutoka mkononi mwa Athumani, akamkabidhi baba yake kwa mikono miwili, mbele ya wakwe. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Gari ni la Gathogo, Dada. Yule ni baba yake. Ningesema nini? Nilimfunga mkanda tu, maana alikuwa hataki. Halafu nikakaa upande wa pili."

Katika gari zima mtu mmoja tu ndiye alikuwa hajanywa, tena mila yao wenyewe ndiyo iliyomkataza kunywa, na huyo ndiye waliyemnyang'anya ufunguo! Kwa nini? Kwa kuwa ndevu hazijamjaa! Nikageukia yule askari. "Unasikia haya?" Askari akasema kazi yake ni kulinda tu.

"Niliwaambia polisi nilipozinduka," Athumani akasema. "Gathogo akawaambia nimegongwa kichwa, sijui ninachosema."

Jioni ile niliomba maji ya moto nimwoshe. Nilipomvua shati nikaona alama ya damu iliyovilia, upana wa kiganja, imegeuka zambarau na manjano. Ilianzia bega la kushoto, ikakata kifua, ikaishia nyonga ya kulia. Nikabaki nimeshika kitambaa. Mimi naendesha gari. Nabeba masufuria yangu mwenyewe kwenye harusi za watu. Mkanda wangu hupita bega la kulia, kwa sababu dereva yuko kulia na mkanda hutoka mlangoni. Wa kushoto ni wa abiria. Mwili wa mtoto huyu ulikuwa umeandikwa alipokuwa amekaa, na hakuna daktari wala askari aliyesumbuka kuutazama! Nikampiga picha kwa simu, huku nalia na huku natukana, Mungu anisamehe.

Asubuhi iliyofuata, Kiganjo. Mlima ulikuwa wazi, mweupe kileleni, na sikuwa na hamu nao. Nyumbani kwa Gathogo nilimkuta mkewe, akasema bwana ametoka, akanikaribisha chai bila kuniuliza ni nani. Uani, juani, alikuwa ameketi mzee mwenye koti kubwa na kofia, bakora katikati ya magoti.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

"Karibu, mama," akasema. "Umetoka wapi?"

"Voi."

"Voi! Nilikuwa napita huko na lori, kitambo, wewe hujazaliwa. Joto!" Akacheka. "Niko na kijana wangu wa Voi. Athumani. Anaendelea aje? Nataka kwenda kumwona, lakini hawa wananiambia daktari amekataza."

"Mimi ni dada yake, Mzee. Nataka uniambie siku ile nani alikuwa anaendesha."

"Si ni mimi? Kwani kulikuwa na nani mwingine?"

Hivyo tu, bila kupepesa. Mke wa Gathogo aliweka birika chini akaingia ndani haraka.

"Na ulikuwa umekunywa, Mzee?"

"Pombe? Pombe niliacha nikiokoka. Nilikunywa muratina tu, ya kazi ya mahari."

"Pembe ngapi?"

"Pembe haihesabiwi, mama. Unapewa, unapokea."

"Na ule mkokoteni?"

Akatazama chini. "Sikuuona. Jua lilikuwa kwa macho, na haya macho siku hizi yako na ukungu kidogo. Lakini ile barabara naijua. Waliniambia mwenye mkokoteni aliingia vibaya, na maneno yakaisha nyumbani."

Nilitaka kumpigia kelele, sikuweza. Nilimwambia tu polepole, kama unavyomwambia mtu habari za msiba. Nikamwambia maneno hayajaisha. Nikamwambia Athumani hana mguu, ana askari kitandani, na akitoka hospitali anapelekwa kortini kwa kuendesha akiwa mlevi na kuua mtu.

"Nani amesema hivyo?"

"Mwanao."

Nikamwonyesha ile picha, nikamweleza mkanda unavyopita. Aliishika simu karibu kabisa na jicho. Kisha akafungua vifungo vya koti, akavuta kola ya shati. Penye mfupa wa bega la kulia palikuwa na doa lile lile la zambarau na manjano, linashuka kuelekea kushoto.

"Ni yeye alinifunga huu mkanda," akasema. "Mimi nilikuwa nakataa."

Akaigonga bakora chini, akasimama. "Twende Karatina."

Gathogo alituwahi langoni. Nadhani mkewe alimpigia simu. Ni mwanamume wa makamo, amevaa vizuri, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alinivuta pembeni, na sitasema uongo, hakunitisha. Alinibembeleza.

"Dada, sikiza. Huyu ni mzee. Wakimfunga, atafia huko, mwezi hauishi. Ndugu yako ni kijana, hata akifungwa atatoka, ako na maisha mbele. Sisi tutamsimamia. Atakuwa mtoto wa hii boma."

"Na mguu je? Nao utauotesha kwenye boma yako?"

"Dada, ni baba yangu."

"Na yule ni ndugu yangu! Na yule wa mkokoteni alikuwa mume wa mtu!"

"Gathogo," mzee akasema kutoka nyuma yetu. "Washa gari."

Karatina, kituo cha polisi. Tulipofika nilimwomba mchuuzi mmoja pale nje akamwambie Nyawira wa karoti kwamba yule mzee yuko hapa. Sikuwa na hakika kama angekuja. Tukaingia.

Ofisa alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Mzee Wambugu hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya meza, mikono miwili juu ya bakora. "Mimi ndiye nilikuwa naendesha ile gari. Na nilikuwa nimekunywa. Yule kijana hakufanya kitu."

Ofisa akachukua kalamu. Na hapo Gathogo akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akamwekea baba yake mkono begani, akatabasamu kwa huzuni kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mtoto mdogo.

"Afande, msamehe. Mzee amepita themanini. Kichwa sasa inampotea. Jana ameniita kwa jina ya ndugu yake aliyekufa. Hajui anasema nini."

"Mimi najua ninasema nini!"

"Unaona, Afande, anakasirika tu hivyo. Ni uzee."

Ofisa akaweka kalamu chini. Akamtazama mzee kwa upole mwingi, upole ule ule unaoudhi. "Keti, Mzee. Umechoka. Watakuletea chai, halafu kijana wako akurudishe nyumbani upumzike."

Wakamsogezea kiti. Mzee hakuketi. Alibaki amesimama, mdomo wazi, anamtazama mwanawe, na nikaona amezeeka mbele yangu pale pale. Kumbe ndivyo wanavyofanya. Kijana akisema kweli, kichwa kimegongwa. Mzee akisema kweli, kichwa kimechoka. Basi wa kusikilizwa ni nani, jamani?

Nikapiga meza. Naam, meza ya polisi, niliipiga.

"Afande, muulize huyu swali moja tu. Baba yake ana akili timamu au hana?"

"Mama, tulia."

"Sitatulia! Kama ana akili, basi andika alivyosema. Na kama hana, kama kichwa kimepotea na jana amemsahau mwanawe kwa jina, basi muulize nani alimpa mtu wa namna hiyo ufunguo wa gari lililojaa watu! Nani alimnyang'anya kijana mzima, asiyekunywa, akaukabidhi kwa mikono miwili? Achague moja! Hapati yote mawili!"

Mkono wa Gathogo ukateleza kutoka begani kwa baba yake.

Mlangoni alikuwa amesimama Nyawira, na buti zake za mpira, maji yanamdondoka viwikoni.

"Ni huyo," akasema. "Hata kofia ni hiyo."

Ofisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akachukua kalamu. Nikamwonyesha picha ya kifua cha Athumani, na mzee akavuta kola yake mwenyewe bila kuambiwa. Yakaandikwa yote, ya mzee, ya mjane, na mwisho ya Gathogo, aliyesema kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, ufunguo aliutoa yeye, alitaka baba yake apewe heshima mbele ya wakwe.

Tulipotoka nje mzee alimfuata Nyawira mpaka kwenye majani. Akavua kofia, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, anainyoosha kana kwamba anampa. Alisema maneno kwa Kigikuyu, machache, sauti inakatika. Nyawira hakuipokea.

"Rudisha kwa kichwa," akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Mimi sina kazi nayo."

Akaenda zake kwenye karoti.

Nyeri tena, siku chache baadaye. Askari aliondolewa kitandani. Kesi haijaisha, na sasa ina majina mawili, la baba na la mwana, na katika hayo la Athumani halimo. Nilitegemea angefurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza uso ukutani.

"Alikuja kuniona," akasema. "Mzee. Alikaa hapo ulipokaa, akanishika mkono, akalia. Sasa watamfunga?"

"Sijui."

"Na mimi nitaendesha nini, Dada?"

Yapo magari yasiyo na klachi, nikamwambia, wapo watu wenye mguu mmoja wanaoendesha. Akaitikia kwa kichwa ili kuniridhisha mimi. Nilimwachia Bi. Habiba hadi kidonda kipone, kisha atakuja Voi. Wakati wa kurudi nilipita Karatina nikiwa nimeinamisha kichwa. Sikutaka kuuona ule mti.

Voi, alasiri, treni ikasimama. Joto la nyumbani likanipokea, na nje ya lango nikasikia honi na vicheko vya wapagazi. Pikapu ya Baba, injini inaunguruma, gurudumu moja juu ya ukingo. Chungu kipya cha maua kilikuwa kimewekwa mbali kidogo. Watu wamekwisha kumzoea, wamehamisha chungu. Kando ya gari watoto wa shule walikuwa wanapita.

Nikazunguka mpaka mlango wake.

"Baba, shuka. Nitaendesha mimi."

"Umechoka na safari. Panda."

"Shuka, Baba."

"Kwani nimelewa?"

"Hujalewa, Baba. Huoni."

Wapagazi waliacha kucheka. Mmoja alijifanya anafunga kamba za viatu. Baba alinitazama kwa yale macho yake yenye ukungu, na alinitafuta uso kwa muda kabla ya kuupata. Wallahi, ningependa zaidi anizabe kofi.

"Barabara hii naijua," akasema.

"Najua, Baba. Barabara unaijua. Watu waliomo barabarani ndio huwaoni."

Alishuka. Alilizunguka gari kwa kulipapasa, akaingia upande wa pili, akaketi kama mgeni. Mkanda ulimshinda, kwa maana upande ule hajaukalia maisha yake yote. Nikainama, nikauvuta juu ya bega lake la kushoto, nikaukatisha kifuani mpaka nyonga ya kulia, nikaufunga. Mkono wangu ulikaa pale kifuani pake kidogo, mpaka akautoa.

Nyumbani aliteremka akaacha mlango wazi, akaingia ndani. Ufunguo niliutia mkobani, na hadi ninapowasimulia haya umo humo. Baba hanisemeshi. Akitaka chai humtuma mtu. Nikimwamkia hugeukia dirisha. Ndugu zangu wanasema nimemvunjia heshima mzee wa watu mbele ya stesheni nzima.

Basi na aninunie. Kila alfajiri namsikia akikohoa, namsikia akiburuta kandambili zake kwenda kutawadha, na namwomba Mungu aninunie hivyo hivyo miaka mingi.